Kidonda cha Tata Mansour

Hapa Kolwezi, mji wetu wa migodi huku Kongo, tuna desturi ambayo kila nyumba huitetea kwa meno na kucha: mtoto aliyekwenda kusoma nchi za mbali haambiwi habari mbaya. Nyumba iungue, shangazi azikwe, duka lifungwe, yeye huambiwa kwamba wote hawajambo na wanamsalimu. Wanaoitetea huiita huruma. Haya, sikilizeni yaliyompata Mariamu, kisha mwamue wenyewe.

Mariamu alikuwa binti mkubwa wa Mansour, msafirishaji ambaye lori lake lilipeleka mapipa ya asidi kwenye migodi ya upande wa Fungurume. Mdogo wake, Leila, alikuwa Tunis akisomea udaktari, mwaka wa nne. Mama yao alipofariki, Leila alipigiwa simu siku moja kabla ya mtihani. Aliingia chumba cha mtihani macho yamemvimba, akafeli, akarudia mwaka mzima. Tangu hapo Mansour aliapa kwamba habari ya namna ile haitamfikia tena mwanawe huko ugenini.

Ramadhani ya mwaka huu, kidonda kilimtoka Mansour chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Hakikumwuma hata kidogo. "Ni asidi tu," alisema, "imepenya kiatu." Nani angembishia? Madereva wa barabara ile karibu wote wana alama za asidi, na kila mmoja anajua kwamba kidonda chake hakina haraka ya kupona. Tena jioni, wakati wa kufuturu, Mansour alikuwa akimaliza jagi zima la maji bila kulishusha, watu waliozoea kumwita Tata, yaani Mzee, wakimcheka: "Tata Mansour, unakunywa kama rejeta ya lori yako!" Naye akicheka nao. Vumbi la Fungurume, alisema, linakausha koo.

Idi ikaja, ikapita. Kidonda kikazidi kuchimba ndani kama vijana wa mtaa wa Musonoi wanaochimba madini chini ya nyumba zao wenyewe. Mguu ukavimba, ukaanza kunuka. Kila asubuhi Mariamu aliuosha kwa maji ya chumvi huku akizuia pumzi, na moyo wake ukimwambia kwamba hii si asidi.

Kila Jumapili Leila alipiga simu ya video. Hapo Mansour alivaa kanzu safi, akajiegemeza kitini, akamkabidhi Mariamu simu.

"Shika juu. Mutoto asione muguu."

"Baba, tumuonyeshe basi. Si ndiyo mambo anasomea?"

"Iko na mitihani mwezi wa sita. Unataka arudie mwaka tena? Ukimwambia, Mariamu, mi nakunyima radhi yangu."

Radhi ya mzazi si mchezo. Mariamu akainua simu juu.

Mara moja tu Leila alishuku. "Baba, mbona umekonda hivi?"

"Ni uzee, mama," Mansour alimjibu bintiye kwa upole.

"Na wewe, Dada, mbona kimya? Baba iko muzima kweli?"

Mariamu alikaribia kusema ukweli. Alimtazama baba yake akitarajia kuona ukali, lakini yale macho yalikuwa yakimwomba. Akasema, "Iko muzima. Wewe soma."

Kabla mwezi wa tano haujaisha, homa ilimpanda Mansour akaanza kuweweseka. Walimkimbiza hospitali. Daktari aliutazama mguu, akapima damu, akauliza kwa hasira, "Huu ugonjwa wa sukari mumeukalia tangu lini?" Hakuna aliyekuwa amelitaja neno sukari nyumbani kwao. Mguu ulikatwa siku ileile, lakini sumu ilikwisha kuenea mwilini, na Alhamisi Mansour akakata roho.

Walipotoka makaburini, Rachid, ndugu yake Mansour, aliwakusanya jamaa. "Mitihani ya Leila inaanza Jumatatu," alisema. "Ya mama yake munayakumbuka. Tunyamaze kwanza. Akimaliza, tutamwambia polepole." Wazee wakaitikia.

"Baba mdogo, hata kaburi nalo tunalificha?" Mariamu alilia. Wakamwambia anyamaze, eti uchungu umemzidi.

Lo! Msiba una miguu, hauombi ruhusa ya wazee. Huko Tunis alikuwako Mukalay, kijana wa Kolwezi anayesomea uhandisi. Mama yake alimwandikia kwamba Tata Mansour wa lori amezikwa. Kijana wa watu, kwa adabu aliyofunzwa kwao, alivaa shati safi akaenda kwenye hosteli ya Leila kumpa pole. Alimkuta ngazini, vitabu mkononi.

"Pole sana na msiba, dada."

"Msiba gani?" Leila aliuliza.

Simu iliita Kolwezi saa nane mchana. Mariamu aliipokea, na safari hii hakumwangalia mtu.

"Baba alikuwa anagonjwa nini?"

"Kidonda, mdogo wangu. Ya muguu. Tulizania ni asidi."

"Ilikuwa inamuuma?"

"Hapana."

"Alikuwa anakunywa maji mingi?"

"Sana. Tangu Ramadhani."

Leila akazihesabu dalili moja baada ya nyingine.

"Kidonda isiyouma, na kiu. Ile ni sukari, Dada. Tangu mwezi wa kwanza niko wodi ya watu wa sukari. Kila asubuhi naosha miguu ya baba za wengine. Picha moja tu mungenitumia. Siku ileile ningewaambia mumupeleke hospitali."

"Baba alitaka usome..."

"Nimesoma. Sasa nimutibu nani?"

Simu ikakatika. Mariamu aliketi sakafuni katikati ya wanawake wa matanga, akaililia radhi aliyoilinda kwa gharama ya uhai wa mwenye kuitoa. Jumatatu ilipofika, Leila hakuonekana kwenye chumba cha mtihani. Alikuwa kitandani, ameugeukia ukuta. Kwa hiyo baba hakupona, na mtoto hakufanya mtihani. Nayo hukumu ya jambo lile ilikwisha kutolewa na waliotutangulia: mficha maradhi, kifo humuumbua.