Mwana wa Jua na Shangazi Yake

Tegeni masikio, watu wa bonde la Wanlu, niwasimulie habari za enzi zile mito ilipokuwa bado haijazoea njia zake, alipozaliwa Shen Dawu, mwana wa Shen Guang mchimba mifereji, Dawu Mgongo-wa-Ukuta, aliyeuegemea ukingo wa mto uliokuwa ukibomoka, akauzuia kwa mabega yake mpaka kila mtu akapanda kilimani. Kwa tendo hilo wazee walinena: "Mbingu imemteua." Wakamkalisha kwenye kiti cha ufalme.

Akatawala raha mustarehe. Kisha akaja mgeni kutoka visiwa vya mawio, Isonari kwa jina, mtu wa heshima zake, akaeleza kwamba kwao mfalme ni mzao wa Jua, mama wa mbinguni, na kiti hakitoki katika damu hiyo hata dunia iyumbe. Mawaziri roho zikawasuuzika, maana walikuwa na mabinti wa kuwaoza wana wa mfalme. Dawu naye, jitu lile, akaingiwa na tamaa, kwani aliwapenda wanawe na aliogopa kuwaacha mikono mitupu. Akatangazwa Mwana wa Jua.

Mwaka huohuo mvua ikagoma. Shangazi yake, Bi Rong, aliyemlea tangu angali mchanga, akaja barazani na suke la mtama lililokauka kumuuliza mfalme, kwani aliyeteuliwa na mbingu ndiye aliyejibia mvua.

"Mvua iko wapi?"

"Mwana wa Jua haulizwi!" wakanguruma mawaziri.

"Ahaa! Basi mwanangu, kama Jua ndiye mama yako siku hizi, mwambie apunguze moto. Mtama unaungua!"

Baraza zima likaangua kicheko, na mfalme akacheka kuliko wote, hadi machozi yakamtoka; kisha akavua taji na kutamka: "Kosa ni langu. Mbingu haikunizaa, iliniazima kiti tu. Siku mzao wangu atakapoulizwa mvua akanyamaza, mwondoeni."

Isonari akainama kwa adabu, akarudi kwao, ambako kiti hakijahama, nao wameridhika.

Dawu akatwaa sururu, akapanda mlimani peke yake, akaupasua mwamba uliofunga chemchemi. Maji yakashuka bondeni kwa kishindo, watu wakayapokea kwa ngoma na vifijo. Yeye hakushuka, wala hakuonekana tena. Bi Rong alilia na kucheka kwa pamoja.

Wanawe wakarithi kiti, kisha wajukuu, hadi akaja mmoja aliyeulizwa mvua akajifungia ndani. Watu hawakushika mikuki. Walimfungulia mlango, wakamkumbusha agizo la babu yake, wakampa jembe na shamba zuri kando ya maji. Sisi tulioketi hapa ndio wazao wake, na hakuna hata mmoja wetu anayekidai kile kiti.