Fundi Aliyekataa Kubomoa Kiganja

Inasimuliwa kwamba katika nchi ya Yemeni, zamani za waja wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, palikuwa na mwashi aliyeitwa Zuheri bin Wadhahi. Kazi yake ilikuwa kujenga na kutengeneza mabirika ya kuhifadhia maji ya mvua, na mkono wake ulikuwa na baraka. Ulimi wake ndio uliokuwa mtihani.

Nanyi mafundi mlioketi hapa mnanielewa, msitazamane. Fundi akiitwa kutengeneza kazi iliyoharibiwa na mwenzake, kabla hajatua vifaa vyake chini husonya kwanza, akatikisa kichwa, kisha akauliza, "Nani huyu aliyewafanyia hivi?" Zuheri alikuwa bingwa wa msonyo huo. Mkewe, Bi Lubaba, mwanamke mchamungu mwenye maneno machache, alikuwa akimwambia, "Mume wangu, ukikuta kosa la mwenzio mshukuru Mola mara mbili: kwa kuwa si lako, na kwa kuwa amekupa nguvu za kulitengeneza." Zuheri alikuwa akiitikia vizuri sana nyumbani, na akifika kazini anasahau.

Mwaka mmoja akaitwa katika mji wa milimani ambao birika lake kubwa lilikuwa likivuja. Mji ule haukuwa na mto wala kisima. Watu waliishi kwa maji ya msimu mmoja wa mvua, na mvua ikipita bila kuhifadhiwa, wanawake na punda wao hushinda njiani wakiteremka bondeni kutafuta maji. Mwaka uliotangulia walikuwa wameteseka hivyo, na sasa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya tena. Birika lile lilijengwa na mzee wa mjini pale pale, Fundi Mughithi. Tangu lianze kuvuja, mzee wa watu hakuonekana hata msikitini, maana kila aliyetawadha kwa maji ya kubania alimtupia jicho.

Mafundi wa nchi ile walikuwa na ada yao. Fundi akimaliza birika, huchapa kiganja chake kwenye chokaa mbichi, mwanzo wa ngazi ya kuteremkia. Na atakayeitwa baadaye kutengeneza makosa yake, pigo lake la kwanza la nyundo hukibomoa kiganja kile, ili apate kuchapa chake. Siku Zuheri alipofika, watu walijaa ukingoni kama waliokuja harusini, wakilingoja pigo hilo. Nyumba ya Mughithi ilikuwa ng'ambo tu ya njia, na mlango wake ulikuwa umefungwa.

Zuheri akateremka, akaupapasa ukuta. Kosa halikuhitaji taa. Chokaa ilikuwa imesiribwa kwa pupa, tabaka juu ya tabaka, kabla ile ya chini haijakauka, na nyufa zilikuwa zimetambaa huku na huko. Msonyo ukampanda mpaka kooni. Mkuu wa mji akamwita kutoka juu, "Fundi, tuambie mbele za watu. Mzee huyu si katuharibia?"

Zuheri alijua kwamba neno moja tu lingempandisha yeye na kumzika yule mzee akiwa hai. Na haki isemwe, alilitamani neno hilo, kwani ulimi hauna mfupa na sifa ni tamu. Lakini yakamjia maneno ya mkewe, akaona haya mbele ya Mola wake.

Akasema, "Mawe haya yamepangwa kwa ustadi, na msingi haujatikisika. Aliyejenga hapa amenipunguzia kazi kubwa, Mungu amlipe kheri. Kilichoharibika ni chokaa, nayo itatengenezwa inshallah."

"Na kiganja?" watu wakapiga kelele.

"Kiganja hakivuji," akajibu, akaanza kazi upande wa pili. Watu wakatawanyika wakinung'unika, maana walikuwa wamekosa tamasha lao.

Asubuhi ya pili, Zuheri akiwa anabandua chokaa mbovu, akasikia mtu akiteremka ngazi polepole. Alikuwa mzee Mughithi, macho chini.

"Mwanangu," akasema, "jana nilikuwa nyuma ya mlango nikingoja kusikia nyundo. Mungu akusitiri kama ulivyonisitiri. Nimekuja kukwambia jambo. Ukisiriba upya ukuta huu wa upande wa mlima, chokaa yako itapasuka kama yangu."

"Kwa nini, ami yangu?"

"Nyuma ya mawe haya mna maji. Mvua ikinyesha, mlima huyapitisha ndani kwa ndani, yakausukuma ukuta kutoka nyuma. Niliyaona tulipokuwa tukichimba. Nilitaka kwanza kuyachimbia mfereji yapite kando, lakini mawingu yalikuwa yamekaribia, watu wakinihimiza, nami nikaogopa kuwaambia wasubiri. Nikasiriba juu juu. Kosa ni langu, silikani. Ila tangu siku ile hakuna aliyeniuliza kulikoni. Wamenitukana tu."

Zuheri akaketi chini pale pale kwenye vumbi la chokaa. Aliona wazi jinsi ambavyo mambo yangekwenda. Kama angekibomoa kile kiganja, mzee asingefungua kinywa. Yeye angesiriba ukuta, angechapa kiganja chake na kuondoka na sifa, kisha mvua ingekuja kumuumbua, na mji mzima ungekaa na kiu mwaka mwingine. Machozi yakamtoka. Akasema, "Alhamdulillahi," akainuka, akaubusu mkono wa mzee.

"Ami yangu," akasema, "nionyeshe pa kuchimba."

Wakachimba mfereji pamoja nyuma ya ukuta. Mawingu yakazidi kuwa mazito, na mkuu wa mji akaja mbio kuwahimiza. Safari hii waliomwambia "Subiri" walikuwa wawili, wala hakuna aliyeogopa. Wakaisiriba chokaa tabaka kwa tabaka, kila moja wakiipa muda wake, kwani haraka haraka haina baraka.

Kisha mvua ikanyesha, mvua ya rehema. Watu hawakukimbilia majumbani. Walisimama ukingoni wakiwa wamelowa chapachapa, wakiyatazama maji yakipanda, na yalipofika juu yakatulia, hayakupungua. Wanawake wakapiga vigelegele. Wale waliomtukana Mughithi wakaja mmoja mmoja kumshika mkono. Zuheri akajitenga kando, akasujudu matopeni, na aliyekuwa karibu naye akamsikia akisema, "Ee Mola wangu, nakushukuru kwa neno ulilonizuia nisilitamke."

Ndugu zangu, hakuna aliye hapa ambaye hajaacha ufa katika kazi yake mahali fulani. Iko siku tutakuwa hatupo, na mtu tusiyemjua ataitwa kuutengeneza, asimame mbele ya kosa letu na nyundo mkononi. Mola amjaalie mtu huyo ulimi wa Zuheri, na atujaalie nao sisi leo.