Mamvua na Barua ya Nguzo za Soko

"Siri ni ukuta wa nyumba, si kifuniko cha shimo." Mmemsikia mbunge akiitamka redioni sasa hivi, na nyote mmenigeukia mimi, kana kwamba methali zote zilizaliwa nikiwapo. Hii, wajukuu zangu, kweli nilikuwapo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mama yangu alikuwa akiuza maharage na magimbi. Ilianza hivi.

Miaka michache baada ya uhuru, mji wetu wa Kwemhosi ulichagua halmashauri yake. Ofisini pale aliajiriwa binti mmoja, Mamvua Shemhilu, awe mpiga taipu na mfungua barua. Siku ya kwanza aliapa mbele ya hakimu kwamba atatunza siri za serikali, na alizitunza kweli. Barua za polisi kuhusu wezi wa ng'ombe zilipita mikononi mwake, mitihani ya watoto ikapita, majina ya wagonjwa wa kifua kikuu yakapita. Mama yake mzazi alijaribu kumchokonoa kwa kuku mzima wa kukaanga, akaambulia kuona kuku akiliwa tu.

Mwaka ule halmashauri ilikuwa imejenga soko jipya. Soko lenye paa! Sisi tulizoea kuuza matopeni, mvua ikinyesha tunajifunika majani ya migomba. Kina mama walishona vitenge vya sare kwa siku ya ufunguzi, na ngoma ilifanyiwa mazoezi mpaka mbuzi wakajua kuitikia.

Zikiwa zimebaki siku sita, ikaja barua kutoka kwa mhandisi wa mkoa, Bwana Lyatuu. Alisema nguzo za soko zimejengwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo, na kwamba kibarua mmoja, akamtaja kwa jina, ndiye aliyemdokeza. Mtu yeyote asiingie mle mpaka nguzo zivunjwe na kujengwa upya. Mwenyekiti, Bwana Singano, aliisoma mara mbili, akaigonga mhuri mwekundu wa SIRI, akamwamuru Mamvua aifungie kabatini.

Mamvua hakukimbilia barabarani. Jumatatu, ofisi ilipofunguliwa, alibisha mlango wa mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee. Ile barua ya nguzo, wananchi hawaambiwi?"

"Marahaba. Wataambiwa uchaguzi ukipita. Ni majuma matatu tu, binti yangu."

"Na Alhamisi, watu mia sita wakicheza ngoma chini ya lile paa?"

"Umeapa, Mamvua."

Akaenda kwa katibu wa halmashauri. Katibu akasema, "Mwenyekiti amekwisha sema." Akampigia simu mhandisi, akaambiwa kasafiri kukagua madaraja, atarudi Jumamosi. Jumamosi! Ufunguzi ni Alhamisi.

Basi Jumanne asubuhi, wanawake walipojaa uani kwa halmashauri kugawiwa vizimba vya kuuzia, Mamvua alitoka na barua akasimama kwenye ngazi. Nilikuwa nimekaa juu ya kikapu, namwona vizuri. Alitaja jina lake na kazi yake, kama vile hatukumjua, kisha akasoma. Alipofika kwa yule kibarua aliinua macho. "Hapa pana jina la mtu," akasema. "Silisomi." Akamaliza, akaikunja, akaenda kwao kungoja atakachofanywa.

Alhamisi ufunguzi haukuwapo. Kukawa na kikao cha madiwani, na kwa jinsi watu walivyofurika, kikahamishiwa uwanja wa mpira. Mwenyekiti akasimama.

"Mtumishi huyu amevunja kiapo. Leo katoa barua ya soko, kesho atatoa nini? Serikali isiyo na siri itawakamataje wezi wa ng'ombe?"

Neno lile lilikuwa na ukweli ndani yake. Nilimwona Mamvua akiupotoapotoa upindo wa khanga.

Ndipo akainuka diwani mmoja mzee, Kaoneka, mtu wa maneno machache.

"Binti, kibarua aliyemdokeza mhandisi ni nani?"

"Sisemi, mzee."

"Sisi ni madiwani. Sema."

"Nikimtaja atafukuzwa kazi, na hakuna atakayepona kwa kulijua jina lake."

"Basi tuambie polisi hujificha wapi wakiwavizia wezi."

"Hilo hata mama kaniuliza kwa kuku mzima!"

Uwanja mzima ukacheka, na mama yake akajifunika uso kwa mtandio. Mzee Kaoneka naye alikuwa akitabasamu.

"Kumbe kufunga mdomo unakujua. Mbona hili la nguzo ulilisema?"

"Mzee, siri zile zinawalinda watu. Hii iliwaficha watu hatari iliyo juu ya vichwa vyao, na ndio hao waliowapigieni kura. Niligonga mlango wa mwenyekiti, nikagonga wa katibu, mhandisi nikamkosa. Siri ni ukuta wa nyumba, si kifuniko cha shimo."

Mzee Kaoneka alichukua fimbo yake akaelekea sokoni, na sisi wote nyuma yake. Akaichomeka fimbo kwenye nguzo ya nje. Ikazama! Mchanga ukamwagika kama unga kwenye gunia lililotoboka, nasi tukarudi nyuma tukikanyagana vidole.

Bwana Singano aliutazama mchanga ule, akavua kofia. "Niliziogopa kura zenu," akasema. "Nisameheni."

"Tumekusamehe," akajibu mwanamke mmoja, "lakini kura hatukupi!"

Na hawakumpa. Mamvua alirudishwa kazini Jumatatu, pamoja na karipio la maandishi kwa kuvunja kiapo. Kwa kuwa mpiga taipu alikuwa yeye peke yake, alilipiga mwenyewe, bila kosa hata moja, akalipeleka likatiwe saini.

Lakini kilichoieneza methali ni alasiri ile ya Alhamisi. Vitenge vilikuwa vimeshashonwa, ngoma zimeshakazwa, nani angekubali kurudi nyumbani? Tulicheza kule kule uwanjani, mbali na lile paa, wazima wote mia sita. Mamvua aliinuliwa juu akiwa kitini, anaomba ashushwe, hakuna anayemsikia. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuongoza wimbo hata kanisani, akaruka katikati ya duara na kuyafanya maneno ya binti yule kuwa kiitikio. Tukakiitikia mpaka sauti zikakauka: Siri ni ukuta wa nyumba, si kifuniko cha shimo.