Karatasi Alizozitunza Mwadime

Mtu mmoja wa upande wa Voi aliachiwa karatasi za jeshi azitunze. Aliitwa Mwadime, naye alikuwa karani katika kambi ya Waingereza. Vita vikuu vya pili vilipokwisha na kambi ikavunjwa, aliamriwa kuchoma masanduku yenye kila kilichoandikwa: taarifa za kila siku za vikosi, ramani, habari za waliojeruhiwa na waliokufa Burma. Mwadime aliyatazama yale masanduku akaona kwamba ndani yake mlikuwa na watu wa kwao, vijana aliowajua, waliopanda gari moshi wakaenda mbali. Akamwomba afisa wake yasichomwe. Afisa alikuwa amechoka na vita, anataka kurudi nyumbani. Akamjibu, "Yachukue, kama utaweza kuyatunza."

Mwadime aliyapeleka kwake kwa mkokoteni, na tangu hapo hakupumzika. Alijenga chumba cha mawe akakiezeka kwa bati, huku jiko la mkewe likiendelea kuvuja. Kila kiangazi alitoa masanduku nje, akapangusa vumbi, akaanika karatasi zilizoanza kuota ukungu. Mchwa walipopanda ukutani, alibomoa ukuta akaujenga upya. Watoto wake walikua wakijua kwamba baba yao ana kazi isiyo na mshahara wala likizo. Mgongo ulipinda. Hakulalamika, kwa kuwa aliamini hiyo ndiyo maana ya kukabidhiwa kitu.

Kilichomchosha zaidi ni watu. Habari za chumba kile zilienea, wakaanza kuja: wajane, kaka za askari, walimu waliotaka kuwafundisha watoto mambo ya vita. Mwadime aliwasikiliza wote kwa adabu, akawapa maji ya kunywa, kisha akawaambia kwamba karatasi ni kuukuu, na zikishikwa na kila mkono zitakwisha. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa. Aliwahi kuona pembe ya ramani ikivunjika vidoleni mwake kama jani kavu, na hakuweza kulisahau jambo hilo.

Miongoni mwa waliorudishwa alikuwamo Mkawasi, mwanamke wa milimani. Mumewe, Mwabili, alikwenda vitani akamwacha na mtoto mchanga. Hakurudi, wala hakuna barua iliyofika. Majirani walisema amepata mke mwingine huko aliko. Mkawasi alitaka kujua tu kama ni kweli. Mwadime alimwambia aliyowaambia wengine. Mwaka mwingine akaja tena, amebeba mkungu wa ndizi kichwani, akarudi nao milimani. Baada ya hapo hakuonekana.

Miaka ikapita. Mwadime akawa mzee, mkewe akafariki, watoto wakatawanyika, na yeye akabaki na masanduku yake. Asubuhi moja akaja Mghoi, binti yake Mkawasi, mwenyewe sasa mtu mzima mwenye wajukuu. Akasimama mlangoni akauliza habari za askari aitwaye Mwabili. Mwadime alifungua kinywa aseme maneno yake ya siku zote, akakuta hana nguvu za kuyasema. Si huruma iliyomshika. Ulikuwa ni uchovu. Akatoa ufunguo, akafungua, akamwambia, "Ingia, mama."

Walitafuta mpaka jua likawa juu ya bati na joto likajaa chumbani. Mghoi hakujua Kiingereza, kwa hiyo mzee ndiye aliyesoma, karatasi karibu na macho. Hatimaye akaiinua moja kwenye mwanga. Alikuwa ameshika taarifa ya kikosi kimoja kilichovuka mto wakati wa mvua. Jina la Mwabili lilikuwa limeandikwa vibaya, lakini jina la babake lilikuwepo, na la kijiji chao pia. Mwadime akamsomea kwa Kiswahili, polepole. Askari huyo aliwavusha wenzake kwa chelezo. Akarudi kuwachukua waliobaki ng'ambo, na maji yakamchukua. Walimtafuta, hawakumpata.

Mghoi alimwomba asome tena. Akasoma tena.

"Karatasi hii ilikuwa humu siku zote?" akauliza.

"Ilikuwa humu."

Mghoi akasema, bila kupandisha sauti, "Karatasi zako ni nzima, mzee. Mama yangu ndiye aliyechakaa. Tumemzika mwaka jana, akiamini kwamba aliachwa."

Akamshukuru, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akaenda zake. Mwadime alibaki ameketi juu ya sanduku. Angependelea kutukanwa.

Kuanzia hapo mlango ule haukufungwa mchana. Watu walikuja na mikono yao yenye jasho. Waliojua kuandika walinakili kwa ajili ya walio mbali, na wasiojua walisomewa mpaka sauti ya mzee ikakauka. Karatasi nyingine zilichanika, naye akaziunga kwa gundi ya unga wa ngano. Wapo waliowapata watu wao wakalia kwa faraja. Wapo waliotafuta wiki nzima wasipate kitu, wakaondoka jinsi walivyokuja. Mwadime alichoka kuliko alivyowahi kuchoka, na jioni, akifunga masanduku, alikuwa akimkumbuka mwanamke aliyepandisha mlima na ndizi zake. Kwa huyo hapakuwa na lolote la kusoma tena.

Ndugu zangu, nasi tumekabidhiwa vitu vya watu, na tumejisifu kwamba hatujavipoteza. Lakini wewe unayevitunza kwa bidii hivyo, umewahi kuuliza kama mwenye vitu hivyo bado yu hai avipokee?