Jini Aliyechoka Kubeba Mafundi

Mji wa Mahanduri ulitawaliwa na Sultani Fakhri bin Nuumani, na katika bustani ya kasri lake mlikuwa na chemchemi, na mwenye kunywa maji yake kila Ijumaa huishi miaka mia mbili na kuzidi. Sultani, kwa ukarimu wake, aliwagawia maji hayo mafundi wakuu wote wa mji. Tena ilikuwa ada ya Mahanduri tangu mababu kwamba mwanafunzi hakalii kiti cha kazi mpaka fundi wake afe. Basi mafundi hawakufa, na viti havikuachwa.

Sahali bin Mbaraka, mfumaji, alikuwa na miaka arobaini na saba na wajukuu wawili, na kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi na kumtekea maji ya udhu Fundi Shaali, mzee wa miaka mia na sitini asiyeuona tena uzi, aliyemwita "kijana". Siku moja Sahali alifunga kifurushi chake akaenda zake nchi ya Zumurudi, na wahunzi na waashi na masonara wakamfuata.

Sultani akaghadhibika, akaisugua pete yake, na mbele yake akasimama jini Harharani.

"Ewe mtumishi wa pete! Raia zangu wametoroka. Warejeshe, na siku watakapokaa mwezi mzima bila kuondoka, nitaivunja pete hii nawe utakuwa huru."

"Nimesikia na nimetii, bwana wangu."

Harharani alikuwa na mke na watoto chini ya Mlima Kafu, hajawaona miaka elfu. Sababu ya watu kuhama aliijua vizuri kuliko mtu yeyote, lakini sharti la pete lilikuwa asiseme asiloulizwa, na akisema huongezewa miaka elfu mingine. Na Sultani yule, Mungu amhifadhi, alijua kuamrisha tu. Kuuliza hakujua.

Basi akabeba. Akawabeba wanne begani na sita mgongoni, akawatua sokoni, na kabla ya Ijumaa wamekwisha kuondoka. Akawarudia. Safari ya kumi na saba alimkuta Sahali Zumurudi, amekaa kwenye kitanda cha mfumi, akifuma.

"Tena wewe?" akasema Sahali.

"Tena mimi. Panda."

"Ningoje nimalize upindo huu."

Harharani akaketi chini kwa kishindo. "Sahali, ndugu yangu, siku thelathini tu! Utakufa ukikaa kwenu siku thelathini?"

"Wadhani napenda ugeni? Hapa nikiugua hakuna wa kunipa uji, na mke wangu namkumbuka mpaka chakula hakishuki. Lakini hapa naitwa Fundi. Kule nitasokota nyuzi mpaka nife, na Shaali ndiye atakayenizika."

Jini akambeba vivyo hivyo huku amekasirika, na hakujua amemkasirikia nani.

Sultani naye akatunga shairi la kuipenda nchi, likasomwa kila baada ya sala. Akaweka minyororo langoni. Akaamuru kila anayerejeshwa apewe sahani ya halua. "Wamelishwa limbwata huko," akasema, na Harharani akauma ulimi mpaka ukatoka moshi.

Safari ya arobaini na moja, penye tanuri la mikate la mwanamke mmoja huko Zumurudi, jini alimwona mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi akikanda unga na kuimba. Alikuwa Badri, mwana wa Sultani, mrithi wa kiti mwenye miaka tisini na minane, ambaye kasri zima lilidhani yuko mawindoni. Harharani akambeba na unga wake mikononi, akamtua mbele ya kiti cha enzi.

Sultani akasimama, kilemba kikamwanguka. "Badri! Mwanangu! Kwa nini?"

Kabla Badri hajafungua kinywa, jini akanguruma, kuta zikatikisika. "Umeuliza! Na hukusema ni nani ajibu! Bwana wangu, watu hawa hawakimbii nchi yao, wamechoka kusimama. Umewapa wazee uhai, ukawanyima wengine zamu. Mwanao amengoja kiti karne nzima, na yule mwanamke mwenye tanuri amempa kazi siku ya kwanza!"

Sultani akamtazama mwanawe, akauona uzee wake kwa mara ya kwanza, akalia. Siku ile akaamuru kila fundi aliyekalia kiti miaka sabini asimame, ampishe mwanafunzi wake. Mwenyewe akaanza, akampisha Badri, na Badri akamwoa Bi Zulfa mwenye tanuri, na nguo ya arusi akaifuma Fundi Sahali. Wengi walirudi kwa miguu yao, na waliobaki Zumurudi hakuna aliyewatukana. Mwezi ukaisha, pete ikavunjwa. Kwetu ni kuzuri, lakini mtu hukaa alipopewa pa kukaa.

Harharani alipokuwa akijinyoosha kuelekea Mlima Kafu, mkono wa kizee ukamshika kisigino. Alikuwa Fundi Shaali, na kifurushi kichwani.

"Wamenisimamisha mimi! Nasikia Zumurudi wanajua thamani ya fundi. Nipeleke."

Jini akautazama mlima wake. Akamtazama mzee. Akashusha pumzi iliyopeperusha makuti ya mtaa mzima, akainama.

"Panda," akasema. "Ila ukiniita kijana, nitakuangusha."