Njia ya Chupa

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni siku sita tu, nisikilizeni upesi maana mtoto akiamka sitamaliza, palikuwa na kijiji kinaitwa Mkandaani. Mbele yake kuna bahari ambayo maji yakitoka yanatoka kabisa, unatembea kwa miguu mpaka kwenye mashamba ya mwani. Ila kati ya pwani na mashamba kuna mkondo. Maji yakiwa yametoka unauvuka yakikufika magotini, pahala pamoja tu penye mchanga mgumu. Ukikosea hatua tano kulia, unazama. Ukikosea hatua tano kushoto, unazama.

Kwa hiyo wanawake wa Mkandaani wameweka njia. Wamepiga vijiti safu mbili, kila kijiti kimefungwa chupa tupu inayoelea, na kila chupa ina alama ya mwenyewe, huyu uzi mwekundu, huyu kapaka hina. Maji yakikurudia ukiwa bado shambani, unatazama chupa, unapita katikati, unafika kwako. Chupa yangu mimi ilikuwa na kipande cha kanga yangu ya harusi.

Ndiyo, yangu. Mama wa hadithi hii ni mimi, sina haja ya kuwazungusha.

Palikuwa na Zuwena. Zuwena nilikaa naye dawati moja skuli mpaka nilipoolewa, yeye akaendelea, kisha akarudi kijijini na kazi isiyo na mshahara, kukusanya vijana kila Jumamosi waitoe plastiki baharini. Watu walimcheka. "Zuwena, ukimaliza bahari uje unifagilie na uwanja." Naye anacheka nao, anaokota. Walianza vijana wanne, wakafika arubaini. Sheria yake ilikuwa moja: kila plastiki mnayoiona majini itoeni, chupa msiikanyage, kizibo kibaki mdomoni, kwa sababu kizibo kikidondoka ndicho kasa anachokimeza. Akawagawa timu mbili. Jumamosi ile, timu ya kwanza kujaza viroba thelathini ipate jezi.

Palikuwa na Faki, nahodha wa timu moja, miaka kumi na saba, ametoka upande wa mikarafuu kuja kukaa kwa mjomba wake. Kuogelea alijifunza bwawani. Mwani alikuwa hajui unalimwa vipi.

Palikuwa na Bi Mize, jirani yangu, mkulima wa mwani toka ujana wake, hakujaaliwa mtoto. Mimi mimba ilikuwa imetimia, kuinama siwezi, basi Bi Mize ndiye aliyekuwa akimchukua binti yangu Ruzuna, miaka minne, akaenda naye shambani na kurudi naye.

Na palikuwa na mimi, nimekaa pwani na daftari na kalamu, Zuwena kanipa kazi ya kuhesabu viroba.

Siku hiyo wanaume walikuwa mazikoni kijiji cha pili. Faki alibakiza viroba viwili kushinda na fukwe zimekwisha kuokotwa. Akatazama baharini, akaona chupa, safu mbili za chupa, nzuri, zimejipanga. Akaingia na kisu na wenzake, akakata. Wanawake wengine walikuwa wamekwisharudi. Bi Mize amebaki na kamba moja ya mwani ya kumalizia kufunga, na Ruzuna anacheza pembeni yake.

Maji yakaanza kurudi.

Mimi nilimwona Bi Mize anakuja, kampakata mwanangu, anafika mkondoni, anasimama. Anatazama huku, anatazama huku. Akatia mguu, akazama mpaka kifuani. Akarudi nyuma, huko nako kumeshajaa. Akaona kijiti kimoja kilichobaki, akakikumbatia, akampandisha Ruzuna mabegani, akasimama hapo. Maji yakamfika shingoni. Akainua kidevu. Ruzuna ananiita mimi, mama, mama, na mimi nimeingia mpaka magotini, tumbo linanivuta chini, sijui kuogelea, nikasema maneno ambayo kijiji kizima kiliyasikia. Nikasema, "Atakayenirudishia Ruzuna wangu, huyu wa tumboni nampa yeye amtie jina."

Zuwena ndiye aliyeuliza viroba viko wapi. "Chupa zina vizibo, zitaelea. Leteni kamba za mwani." Wakafunga viroba sita vikawa kama kitanda, wakaunganisha kamba, vijana wakashika mwisho wake pwani. Faki akalala juu akapiga maji kwa mikono. Mkondo ukamtupa, akarudi. Ukamtupa tena, akarudi. Mara ya tatu akamshika mwanangu mkono, akampandisha, na Bi Mize akaning'inia pembeni, na vijana arubaini wakavuta.

Ruzuna alifika amekunywa maji, akatapika, akalia. Nami papo hapo uchungu ukanishika, na kabla jua halijatua nikajifungua mtoto wa kike.

Jana wakaja wote watatu chumbani kwangu. Mimi nimelala na mtoto, Ruzuna kanishika nguo, tangu siku ile haniachii nguo.

Bi Mize akasema, "Mwanangu, mimi sisemi mengi. Kiroba kisingemkuta hai kama si mabega haya. Nilimeza maji, sikumshusha. Mimi sina mtoto, jina langu linakufa na mimi. Muite Mize."

Nikasema, "Umesema kweli, Bi Mize."

Faki akasema, "Lakini bibi, tulipoanza kukata ulikuja mpaka mkondoni ukatuona. Ukasema, kateni, mtaona wenyewe. Ndivyo ulivyosema. Nikadhani bibi ananitania."

Bi Mize akasema, "Nilitaka huyu Zuwena aumbuke mbele ya wanawake wenzangu. Anatufundisha bahari, sisi. Nilijua mtakata tatu, nne. Na njia nilidhani naijua bila chupa."

Nikasema, na hilo nalo ni kweli.

Zuwena akasema, "Shoga, mimi sijaingia majini, sikatai. Lakini viroba vimetoka wapi? Nani aliyesema vizibo visitolewe, watu wakanicheka? Nani aliyekumbuka kwamba vinaelea? Wazee sasa wamewakataza watoto wao kuja kwangu, wananiita Zuwena mzamishaji. Ukinipa jina la mtoto huyu watarudi. Usiponipa, miaka miwili yangu imekwisha, na taka zitabaki baharini kama zilivyokuwa."

Nikasema, "Umesema kweli, shoga yangu."

Bi Mize akasema, "Wewe mama yako alilima mwani miaka kumi. Umevuka kwenye njia ile ukiwa mgongoni kwake. Ukawaambia watoto wa watu, kila plastiki. Hukujua kuna chupa ambazo si taka?"

Zuwena akatazama sakafu. "Nilisahau, Bi Mize. Nilikuwa nimesimama palepale nikasahau."

Nikasema, na hilo nalo ni kweli.

Faki akasema, "Wazo haliogelei. Mabega nayo yalikuwa yameshachoka. Mimi ndiye niliyetupwa mara mbili nikarudi. Na sitaki aitwe Faki, ni mtoto wa kike, atanichukia."

Ruzuna akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nataka nimwite Chumu, jina la mama yangu, yuko mbali. Nikipita hapa kijijini wananiita mkata chupa. Nataka waseme, huyo ndiye aliyemtia jina mtoto wa pale."

Nikasema, "Umesema kweli, Faki."

Zuwena akamuuliza taratibu, "Faki, chupa ina kamba, imefungwa fundo, iko kwenye kijiti. Hukujiuliza ni ya mtu?"

"Nilijiuliza," akasema Faki. "Nilitaka jezi."

Nikasema, na hilo nalo ni kweli.

Wakaondoka bila kuagana. Nikampigia simu baba yake watoto, yuko Tanga kazini, akaniambia, wewe ndiye uliyeahidi mbele za watu, wewe ndiye utakayetimiza, nikifika nataka nimkute mtoto ana jina. Ndiyo hivyo. Kesho ni siku ya saba, mtoto ananyolewa na kutiwa jina, wanawake wote watakuwa uwanjani kwangu, Bi Mize huku, Zuwena huku, Faki mlangoni, na wote watanitazama mimi mdomo.

Na lipo jambo sijawaambia wao, nawaambia nyinyi.

Kiroba cha ishirini na tisa cha timu ya Faki kilipoletwa mbele yangu nilikifungua nihakikishe. Juu kabisa palikuwa na chupa yenye kipande cha kanga. Niliijua kabla sijaigusa. Na Faki alikuwa amesimama mbele yangu anahema, anasema dada andika, dada andika, na mimi tangu nitoke skuli hapana mtu aliyewahi kunipa kalamu, na nikaona nikisema sasa hivi siku nzima itaharibika, nitamwambia Zuwena wakimaliza, maji bado, Ruzuna yuko na Bi Mize, maji bado. Nikafunga mdomo wa kiroba. Nikaandika ishirini na tisa.

Chupa ile hamna aliyeiona, ilikwenda majini ndani ya kiroba, ikarudi na mwanangu juu yake. Niliichomoa nikaificha kwenye kanga, sasa iko chini ya kitanda changu.

Mtoto anaamka. Basi niambieni nyinyi mliosikia, kabla kesho haijafika: kati ya aliyebeba, aliyewaza na aliyeogelea, nani anastahili kumpa mwanangu jina? Na mimi niliyefunga kiroba, je, nina mdomo wa kumtaja?