Ndoo ni Yako, Koo ni la Mche

"Ndoo ni yako, koo ni la mche."

Babu Kihwele aliyasema maneno hayo huku ameuzuia mkono wa Edina, aliyekuwa tayari kumimina chupa nzima ya mbolea ya maji ndani ya bomba la kunyunyizia, lile la kubeba mgongoni. Edina na mwenzake Osiani walikuwa wameanza kulima nyanya msimu huo huo, na walitaka zikue upesi. Chupa ilielekeza vifuniko viwili kwa bomba moja. Edina aliona vifuniko viwili ni uchoyo.

Wakamuuliza mzee maneno hayo yametoka wapi, maana kila mtu bondeni pale huyasema. Babu Kihwele akafudikiza ndoo, akaketi juu yake, akawaambia chanzo chake ni hiki.

Hapa hapa Kiponda alikuwako mjane aitwaye Vaileti, muuza chai. Chai yake ilikuwa na sifa hadi barabara kuu: maziwa mengi, majani mengi, tangawizi ya kukutoa jasho. Watu walisema ukitia kijiko kinasimama wima. Kwa Vaileti, kumpa mgeni chai nyepesi kulikuwa sawa na kumwambia apite njia yake, na aibu hiyo hakuwahi kuifanya.

Mumewe alimwachia kinyungu kimoja, yaani bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi kwa unyevu wa mto. Shemeji yake, Aloisi, alikitaka kinyungu hicho apande milingoti, miti ya mbao na nguzo. Naye alikuwa na la kusema, kwa kuwa miaka miwili mfululizo nyanya za Vaileti zilitoka ndogo kuliko ngumi ya mtoto. Mbolea ya chembechembe aliyoitupa juu ya udongo ama ilikaa pale pale, ama ilichukuliwa na maji ya mfereji. Ukoo ukakaa, ukaamua kumpa Vaileti kiangazi kimoja tu. Kinyungu kikizaa, ni chake. Kisipozaa, Aloisi apande miti yake. Vaileti alirudi nyumbani na hofu, kwani kipande kile cha ardhi ndicho kitu pekee cha mumewe alichobaki nacho.

Bwana shamba Lutengano akaja kumfundisha mbolea ya maji. Alijaza samadi kwenye kiroba, akakifunga, akakitumbukiza kwenye pipa la maji, akamwagiza akoroge kila siku kwa wiki mbili.

"Hii tunaiita chai ya samadi," akasema. "Chakula kimeshayeyuka, mzizi unakinywa moja kwa moja, hakipotei njiani. Ila usiimwage hivi hivi, mama. Kopo moja uliongezee makopo matatu ya maji, mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Kila shina kopo moja, mara moja kwa wiki. Na udongo uwe umelowa kwanza."

Vaileti alisikia yote, ila neno moja ndilo lililomkaa: chai. Chai aliijua kuliko bwana shamba. Eti chai nyepesi! Yeye, Vaileti, ainyweshe mimea yake chai ya wagonjwa, na ukoo mzima unamtazama? Siku ilipofika akachota ndoo kwa ndoo, nzito, nyeusi, akamimina mashinani bila tone la maji, tena juu ya udongo mkavu. Mistari minane ikapata. Alipofika wa tisa, pipa likaisha. Akarudi nyumbani akiimba, akiihurumia mistari sita iliyokosa.

Siku ya tatu, mistari ile minane ilikuwa imeungua kingo za majani, imejikunja. Ile sita iliyokosa ilisimama kijani. Aloisi ndiye aliyeona wa kwanza, kwa kuwa alikuwa akipita pale kila asubuhi bila shughuli yoyote.

"Shemeji," akasema, "naona mimea imekunywa chai ikaungua ulimi."

"Pita, shemeji. Kiangazi hakijaisha."

"Hakijaisha. Ila miche yangu ya milingoti imeshafika magotini."

Vaileti akainama, akageuza jani lililoungua. Moyo ulimuuma, na ulimuuma zaidi kwa sababu mkono uliomwaga ulikuwa wake.

Jioni ile alimpelekea chai mama mkwe wake, Bi Semkini, aliyekuwa kitandani siku ya nne kwa malaria. Aliipika kama siku zote, nzito, kwa upendo, akajaza kikombe kikubwa. Bi Semkini akanywa funda moja, akalitapika.

"Nisamehe, mama. Nilitaka upate nguvu."

"Niongezee maji, mwanangu. Na usinijazie. Nipe kidogo, baadaye nipe tena."

"Chai nyepesi nitakupaje wewe, mama? Watu watasema nakunyima."

Bi Semkini akacheka kwa tabu. "Watu hawanywi kwa mdomo wangu. Birika ni lako, Vaileti. Koo ni langu."

Vaileti akabaki ameshika birika, amekodoa macho. Kisha akaongeza maji, akamimina nusu kikombe. Mama mkwe akanywa, kikaisha. Baadaye akaomba tena.

Kesho yake hakuuza chai. Alikwenda kinyunguni akaimwagilia mistari minane maji matupu, mengi, ili kuosha ule ukali. Mitatu ilikufa. Mitano ikajikongoja. Akaloweka kiroba kingine, na safari hii alipima kopo moja la mbolea kwa matatu ya maji, kila wiki, baada ya kulowesha udongo. Wapita njia walimsikia akisema na mimea yake, "Ndoo ni yangu, koo ni lako," wakadhani ujane umemzidi.

Wakati wa kuchuma ulipofika ukoo ulikuja kutazama, Bi Semkini mbele na fimbo yake. Nyanya zilikuwa zimeelemea vijiti vyake, na matenga aliyoandaa hayakutosha. Bi Semkini akageuka akamtazama mwanawe Aloisi. Aloisi naye akatazama viatu vyake. Vaileti alilia pale pale mbele za watu, wala hakuona haya.

Milingoti ikapandwa mlimani. Msimu uliofuata Aloisi akalima nyanya jirani na Vaileti, na siku moja akaja na kopo mkononi.

"Shemeji, hiyo chai yako, maji makopo mangapi?"

"Matatu."

"Nikitia mawili je? Zangu zimechelewa, nataka ziwahi."

Vaileti akaendelea kufunga nyanya zake vijitini. "Ndoo ni yako, Aloisi," akasema. "Koo ni la mche."

Hapo Babu Kihwele akapangusa vumbi kwenye goti.

"Sasa huyo Aloisi, babu, alitia mangapi?" Edina akauliza.

"Mawili," mzee akajibu. "Nikapoteza mstari mzima."

Vijana wakatazamana. Miaka yote hiyo walimwita Babu Kihwele, jina lake la kwanza hawakuwa wakilijua. Edina akakichukua kifuniko cha chupa, akapima kimoja, akapima cha pili, akafunga. Osiani alipofungua kinywa kuuliza kama cha tatu kingedhuru, Edina alimtangulia.

"Ndoo ni yako," akamwambia. "Koo ni la mche."